Maji Magumu na Ukoko wa Birika

Mtu ahamaye kutoka Nairobi kwenda kukaa Pwani huona mambo mawili kabla hajamaliza mwezi. La kwanza ni kwamba sabuni yake haimtoshi. Kipande alichozoea kukitumia kwa wiki mbili chamalizika kwa wiki moja, na juu ya maji ya kufulia huelea takataka nyeupe kama maziwa yaliyoganda. La pili ni kwamba birika lake jipya la umeme, alilolinunua likiwa linang'aa ndani, limefanya ukoko mweupe unaokwaruza vidole. Miezi michache baadaye ule waya wa moto, ambao mafundi huuita koili, waungua. Hapo mwenye birika humwendea mwenye duka na kumwambia kwamba ameuziwa kitu kibovu. Mwenye duka naye hujibu kwamba birika lilitumiwa vibaya. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Mwenye kosa ni maji, au tuseme hasa ni kitu kilichoyeyuka ndani ya maji, ambacho macho hayawezi kukiona.

Jambo hili lastahili kuelezwa vizuri, kwa maana fedha zinazopotea si kidogo. Tena iko sababu iliyo kubwa zaidi. Wako watu ambao, wakiisha kuona ule unga mweupe katika sufuria, huingiwa na hofu wakaacha kuchemsha maji ya kunywa. Hofu hiyo ina hatari kuliko ukoko wenyewe, nasi tutairudia hapa chini.

MAJI MAGUMU NI NINI

Maji huitwa magumu yakiwa yamebeba madini ya kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Yakiwa na madini hayo kidogo tu, huitwa maji laini. Hayo si maneno ya kupima kwa mkono, kwa maana maji yote yateleza vidoleni kwa namna moja. Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu katika lita moja. Maji yenye chini ya miligramu 60 huhesabiwa kuwa laini. Kuanzia 60 hadi 120 ni magumu kidogo. Kuanzia 120 hadi 180 ni magumu. Na yapitayo 180 ni magumu sana.

Maji ya mvua yanapoanguka ni laini kabisa. Lakini yakipita angani, na hasa yakizama katika udongo, huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, ile ile tuitoayo tunapopumua na itiayo mapovu katika soda ya chupa. Hewa hiyo huyafanya maji yawe na ukali kidogo sana, usiosikika ulimini. Hata hivyo ukali huo watosha kuyeyusha mawe ya chokaa, polepole, mwaka baada ya mwaka. Maji yakikaa muda mrefu katikati ya mawe hayo, hutoka yakiwa na shehena.

Hiyo ndiyo sababu maji ya mahali na mahali hutofautiana. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka katika mito ya milima ya Nyandarua, yakakusanywa katika mabwawa ya Ruiru, Sasumua na Ndakaini. Mito hiyo hupita juu ya mawe ya volkano, wala haikai nayo sana, basi maji yake ni laini. Mwambao wa Kenya ni kinyume. Kisiwa cha Mombasa, na nchi iliyo karibu na bahari kwenda kaskazini hata Malindi na kupita, imekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyokuwa chini ya bahari zamani sana. Matumbawe ni mawe ya chokaa. Mtu achimbaye kisima humo atachota maji yaliyolala ndani ya chokaa.

Wapwani hawahitaji kufundishwa habari za mawe hayo. Ndiyo waliyojengea nyumba zao na misikiti yao, na Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593 waliijenga juu ya jabali hilo hilo. Mawe hayo hayo huchomwa katika tanuu, yakawa chokaa ya kupaka kuta. Basi ukoko ulio ndani ya birika na chokaa iliyo ukutani ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba ile ya ukutani ililetwa na mwashi, na hii ya birika ililetwa na maji.

Yafaa ijulikane pia kwamba mji wa Mombasa haunywi maji ya chemchemi moja. Bomba kutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, lilifika Mombasa mwaka wa 1957, likipita mwendo wa kilomita 220 hivi. Maji mengine hutoka Marere katika vilima vya Shimba, mengine katika visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mengine katika visima vya Tiwi upande wa kusini. Tena mifereji ikikauka, kama itokeavyo mara nyingi, watu hununua maji ya visima kwa wachuuzi wa mikokoteni. Kwa hiyo jiko moja huweza kutumia maji ya namna mbili au tatu katika mwezi mmoja. Mama wa nyumba ashangaaye kwa nini wiki hii sabuni inatoa povu na wiki iliyopita haikutoa, na aulize kwanza maji yametoka wapi.

Wala maji kuwa meupe na maangavu si dalili ya kuwa laini. Maji ya kisima cha matumbawe huweza kung'aa kama kioo na kuwa magumu sana, na maji ya mto yenye tope huweza kuwa laini.

JINSI YA KUYAJUA NYUMBANI

Twaa chupa mbili safi. Katika ya kwanza tia maji ya mvua uliyokinga, na katika ya pili tia maji ya kisima au ya mfereji unayotaka kuyajua, kiasi kile kile. Kwangua sabuni ya mche, utie chembe chache katika kila chupa, kisha utikise. Maji laini hutoa povu upesi, nalo hukaa. Maji magumu hutoa povu dogo lifalo mara moja, na maji yenyewe hugeuka kuwa na ukungu. Ongeza sabuni kidogo kidogo, ukihesabu, mpaka povu likae. Hesabu hiyo ndiyo kipimo chako. Usitumie sabuni ya unga kwa jaribio hili, kwa maana sabuni za unga za siku hizi hutengenezwa na vitu vinavyoikamata kalsiamu, nazo zitakudanganya.

SABUNI INAKWENDA WAPI

Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Ikiingia katika maji magumu, kalsiamu huishika kabla haijaufikia uchafu wa nguo, na vyote viwili huwa kitu kimoja kisichoyeyuka: ndiyo ile takataka nyeupe inayoelea, inayonata katika beseni, na inayofanya shuka nyeupe zionekane za kijivu na taulo kuwa ngumu. Sabuni haianzi kazi yake mpaka kalsiamu yote iliyomo katika maji imekwisha kushiba.

Na tufanye hesabu. Maji yenye ugumu wa miligramu 300, kiasi ambacho si cha ajabu katika visima vya nchi ya chokaa, yana gramu 6 za madini hayo katika debe la lita 20. Kila gramu moja ya madini hula gramu 6 hivi za sabuni safi. Basi debe moja lapoteza zaidi ya gramu 35 za sabuni kabla shati la kwanza halijaguswa. Nyumba inayofua mara tatu kwa wiki, kwa madebe mawili kila mara, itatupa zaidi ya kilo 11 za sabuni kwa mwaka. Mtu asiyejua habari hii humgombeza msichana wa kazi, akisema anaiba sabuni, kumbe mwizi yumo ndani ya ndoo.

Jikoni pia maji hayo yana visa vyao. Maharagwe, kunde na mbaazi hukawia kuiva, kwa kuwa kalsiamu hushikamana na vile vitu vinavyounganisha nyama ya mbegu, ikaikaza. Wazee wetu waliijua dawa yake kabla ya wataalamu: walitia magadi. Chai nayo hufanya utando mwembamba juu ya kikombe, unaopasuka kama barafu ukitikiswa, na hubakisha duara la kahawia kikombeni. Kamua ndimu ndani ya chai hiyo, nawe utaona utando umetoweka.

VYOMBO VYA MOTO

Sasa tuje kwenye ukoko. Tulisema kwamba chokaa huyeyuka kwa msaada wa hewa ya kaboni dayoksaidi iliyomo majini. Maji yakipashwa moto, hewa hiyo hutoka ikaenda zake, na chokaa ikiisha kuachwa peke yake haiwezi tena kukaa majini. Hushuka, na mahali inapopenda kushika ni pale palipo na moto zaidi. Kazi hiyo huenda kwa kasi maji yakipita joto la digrii 60 hivi.

Nyumba ichemshayo lita 10 kila siku, kwa maji ya miligramu 300, yapitisha zaidi ya kilo moja ya madini katika birika lake kwa mwaka. Si yote yashikayo; mengine hubaki yameyeyuka, na mengine hunywewa pamoja na chai. Lakini hata ikishika nusu tu, hiyo ni nusu kilo ya jiwe, na hapana mtu ambaye angetia jiwe la nusu kilo ndani ya birika kwa mikono yake.

Hapa twapenda kusahihisha neno moja linalosemwa sana, kwamba ukoko hupoteza mkaa au gesi nyingi mno. Ni kweli kwamba chokaa hupitisha joto kwa shida kuliko chuma, zaidi ya mara kumi. Lakini katika sufuria iliyo juu ya jiko la mkaa, ukoko mwembamba hauongezi gharama kubwa. Joto jingi la jiko hupotea kando kando kwa hali yoyote, na anayetaka kuokoa mkaa atafaidika zaidi kwa kufunika sufuria. Madhara makubwa yako katika vyombo vya umeme. Koili ni nyembamba, na moto mwingi hutoka katika eneo dogo. Maji yakiigusa, huupokea moto ule mara moja, na koili haipati joto la kupita kiasi. Ikivikwa koti la chokaa, moto hauna njia ya kutoka upesi. Koili hupata joto kali kuliko ilivyokusudiwa, ikawa kama mtu aliyevaa blanketi wakati wa kaskazi, hata siku moja ikakatika. Umeme uliopotea kabla ya hapo ni mdogo. Kilichopotea ni birika zima.

Hita za kuogea zinazopasha maji papo hapo hupata taabu hiyo hiyo, na nyingine tena juu yake. Matundu ya kichwa cha bafu huziba moja moja. Maji yanayopita hupungua, yale machache yanayobaki hupata moto kupita kiasi, chokaa hushuka kwa wingi zaidi, na hivyo ubaya huzaa ubaya. Pasi ya mvuke huziba matundu yake na kutema unga mweupe juu ya suruali nyeusi asubuhi ya siku ya kwenda kazini. Mashine ya kufulia hufunikwa koili yake, lakini kwa kuwa imefichwa ndani, mwenyewe hana habari mpaka nguo zitoke katika maji baridi. Mitambo ya kupasha maji kwa jua, iliyo juu ya mapaa ya nyumba nyingi siku hizi, ina mabomba membamba. Yakiziba, jua huwaka siku nzima na maji ya jioni hutoka vuguvugu. Mwenye nyumba husema mtambo umezeeka.

Madereva nao wana sehemu yao katika habari hii. Anayejaza rejeta ya gari kwa maji ya kisima kila yapunguapo, apeleka chokaa mpya kila mara katika vijia vyembamba sana. Kwa betri ndiyo kabisa: betri hutiwa maji yaliyovukizwa tu, yale yauzwayo kwa jina la maji ya betri, wala si ya mfereji, wala si ya kisima yaliyochemshwa.

Adui huyu si mgeni katika nchi hii. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896 mpaka kufika Nairobi mwaka wa 1899, katika nyika kavu ya Taru maji ya wajenzi yalibidi kuletwa kwa treni. Na garimoshi zote za mvuke, hapa na kwingineko duniani, zilikuwa ni mabirika makubwa tu. Kila baada ya muda matangi yake yalipozwa, yakafunguliwa, yakaoshwa na kukwanguliwa, kwa sababu chuma kilichofunikwa ukoko karibu na moto hulainika, na tangi lenye mvuke huweza kupasuka na kuua watu. Anayetaka kuyaona mabirika hayo, baadhi yake yangali yamesimama katika jumba la makumbusho ya reli huko Nairobi.

JE, YADHURU MWILI?

Hapana. Kalsiamu na magnesiamu ni vitu ambavyo mwili wenyewe wavihitaji kwa mifupa, meno na misuli. Shirika la Afya Ulimwenguni, ambalo limeweka viwango vya juu vya vitu vingi katika maji ya kunywa, halikuweka kiwango cha ugumu kwa sababu ya afya. Vile vipande vyeupe vinavyozama chini ya mtungi wa maji yaliyochemshwa ni chokaa safi. Ukivichukia, acha maji yatulie usiku kucha, kisha mimina ya juu polepole au yachuje kwa kitambaa safi.

Basi asiwepo mtu wa kuacha kuchemsha maji eti kwa kuokoa birika, au kwa kudhani kwamba moto ndio unaoleta uchafu ule. Moto hauleti kitu. Waonyesha tu kilichokuwamo. Kipindupindu kilienea Kenya mwaka wa 2015, kikatokea tena kuanzia Oktoba 2022, na kila mara kilichukua watu. Vijidudu vyake hufa maji yakichemka kwa nguvu, katika maji magumu sawasawa na katika maji laini. Birika lililoungua lina bei yake dukani.

Lakini watu huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali, na ni lazima kuyatenga. Ugumu ni jambo moja. Chumvi ni jambo la pili: visima vingi vya kisiwani na vya karibu na ufuo huingiwa na maji ya bahari, hasa vikitekwa kupita kiasi, na maji yake huonja ulimini na kula chuma kwa kutu. Jambo la tatu ni floraidi, inayopatikana kwa wingi katika maji ya sehemu za Bonde la Ufa, kama vile pande za Nakuru na Naivasha, na katika visima virefu vingi vya Nairobi. Hiyo ndiyo itiayo meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi sana huharibu mifupa. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri isipite miligramu 1.5 katika lita. Na ajabu ni kwamba maji yenye floraidi nyingi mara nyingi ni laini, yenye povu zuri la sabuni. Kuyachemsha hakuiondoi, maji yapunguapo kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Mwenye kisima kipya, hasa cha kunywesha watoto, na apeleke maji yake kupimwa katika maabara. Jaribio letu la chupa mbili halitamwambia lolote kuhusu floraidi.

KUONDOA UKOKO

Chokaa ina adui mmoja wa siku zote, naye ni kitu kichachu. Weka ganda la yai ndani ya siki, utaona linatoa mapovu na kulainika, kwa sababu ganda hilo ni kitu kile kile kilicho ndani ya birika. Siki ya dukani yatosha. Lita moja yaweza kuyeyusha gramu 40 hivi za chokaa, basi usitazamie kikombe kimoja kiondoe ukoko wa miaka miwili.

Mimina siki na maji, nusu kwa nusu, mpaka ukoko wote ufunikwe. Pasha moto hata mkono usiweze kuvumilia, lakini isichemke, kisha uzime na kuchomoa waya ukutani. Acha kwa muda wa saa moja. Mapovu yakikoma na ukoko ungalipo, mwaga na utie nyingine. Baadaye suuza vizuri, chemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga, ili chai isinuke siki. Penye ndimu nyingi, maji ya ndimu hufanya kazi iyo hiyo, bali yasichemshwe pamoja na ukoko, kwa maana yakipata moto mkali huacha unga mwingine mgumu. Kichwa cha bafu hufunguliwa, kikalazwa usiku kucha katika bakuli la siki. Sufuria za alumini zisiachwe muda mrefu katika kitu kichachu, kwa sababu chuma chake chenyewe huliwa.

Yako mambo ya kujihadhari nayo. Usikwangue koili kwa kisu. Usitumie asidi ya betri wala ile ya kusafishia vyoo katika chombo cha kupikia, hata kama jirani asema alifanya hivyo na hakudhurika. Wala kamwe usichanganye siki au ndimu na maji ya klorini ya kung'arishia nguo: vikikutana hutoa hewa ya sumu iunguzayo mapafu, na katika bafu dogo lililofungwa mtu huweza kupoteza maisha yake.

Afadhali kuondoa ukoko kila mwezi ungali mwembamba kama karatasi, kuliko kungoja uwe kama ganda la konokono.

KULAINISHA MAJI

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kukinga mvua. Masika na vuli huleta maji laini bila malipo juu ya kila paa la mabati. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha elekeza mfereji wa paa katika pipa lenye kifuniko. Wapwani wa kale walijua kuhifadhi maji, na neno birika, ambalo leo ni chombo cha chai, lilikuwa na lingali jina la hodhi la maji msikitini. Hata pipa moja lililowekwa kwa ajili ya kufulia nguo nyeupe na kujaza pasi litaleta faida. Maji hayo yakitakiwa kunywewa, yachemshwe kama mengine.

Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu, lakini si wote, kwa maana maji mengine hubeba kalsiamu ya namna ya jasi, isiyoshuka kwa moto. Tena kuni za kuchemshia maji ya kufulia zitagharimu kuliko sabuni itakayookolewa.

Kwa kufulia, magadi ni msaada mkubwa, nayo tunayo nchini mwetu. Kampuni ya kuyachimba katika Ziwa Magadi ilianzishwa mwaka wa 1911. Magadi ya kufulia yaliyosafishwa, kiasi cha kijiko kidogo cha chai kwa debe la maji magumu, hushusha kalsiamu kabla sabuni haijatiwa. Koroga, ungoje robo saa, ndipo utie sabuni. Usizidishe, kwa maana mikono hukauka na nguo za sufu huharibika. Magadi mabichi ya ziwani yana floraidi, basi yasizoewe katika chakula cha watoto kila siku.

Kuchuja kwa kitambaa au mchanga hakulainishi maji, wala dawa ya klorini hailainishi. Hizo zina kazi nyingine, nazo ni njema katika kazi yake. Hoteli na hospitali hutumia mtambo wenye chembechembe ndogo zinazoikamata kalsiamu na kutoa natiri badala yake. Chembe zikichoka huoshwa kwa maji ya chumvi ya kawaida, zikarudia nguvu zake. Mtambo huo wafanya kazi kweli kweli, ila ni wa gharama, na wafaa jengo kubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili. Watu wenye shinikizo la damu walioambiwa na daktari wapunguze chumvi wasifanye maji yake kuwa ya kunywa bila kumwuliza. Yako pia matangazo ya sumaku za kufunga juu ya bomba, zisemwazo kuwa hulainisha maji bila chumvi wala umeme. Majaribio yaliyofanywa juu yake hayakukubaliana, na sumaku haiondoi kalsiamu hata chembe; anayeuziwa kitu hicho na adai kwanza aonyeshwe kwa sabuni na chupa mbili.

Mwenye hita yenye tangi na aiweke kwenye digrii 60, si 80, kwa maana hapo chokaa hushuka kidogo na ngozi za watoto haziungui upesi. Fundi akija kuitengeneza, mwambie afungue kizibo cha chini na kumwaga mashapo kabla hajabadili chochote. Akitoa ndoo nzima ya vipande vyeupe, kama itokeavyo, chukua kimoja ukitie katika siki mbele yake.